Printa ya lebo niliyoambiwa "unachomeka tu bosi" imenila wiki tatu hapa Mtwara

Wakuu, saa nane usiku hii na usingizi hauji, acha niandike nisije nikapasuka.

Nafungasha korosho zilizobanguliwa, vifuko vya gramu 250. Kina mama wa Chuno wananibangulia, mimi nakaanga, nafunga, napeleka madukani. Tarehe nilikuwa naandika kwa kalamu, mpaka mwenye duka mmoja wa Masasi akanirudishia mzigo: mafuta ya korosho yamefuta tarehe ya kuisha. Sikumlaumu. Nikatafuta printa ya lebo mtandaoni, nikampata muuzaji wa Kariakoo, mtumba, 380,000. Nikamuuliza inakubali laptopu? Meseji yake ninayo mpaka leo: "Kompyuta yoyote, unachomeka tu bosi."

Nachomeka wapi? Mzigo umeshuka stendi, nafungua, nyuma kuna tundu la umeme na jingine pana la pini tisa lenye skrubu mbili pembeni. Basi. Laptopu yangu haina tundu hilo, na yako unayosomea hapa nadhani haina. Nampigia, ananiambia "hiyo ni siriali". Dada yangu pembeni akasikia "siri". Na kweli ilikuwa siri, maana kwenye tangazo hakuna neno hilo.

Sina ugomvi na RS-232 yenyewe, ndiyo jina la kitaalamu la hiyo siriali. Ipo tangu 1960, na mashine kibao za viwandani bado zinaitumia. Ugomvi wangu ni mtu anayejua halafu ananyamaza.

Nikanunua kibadilishio cha USB cha bei chee. Windows ikakipa alama ya njano, draiva, yaani programu ya kukiendesha, inakikataa. Cha pili kikakubali, nikapewa COM7, jina ambalo Windows inaupa mlango wa siriali, natuma lebo, printa imekaa kimya kama mgeni msibani. Nikampelekea fundi wa mjini. Hakuangalia kebo, hakuangalia printa, akasema Windows imechoka, akaifuta yote na kuweka upya. 30,000 imeenda, na hesabu za wateja wangu za msimu mzima zimeenda nayo. Nimerudi nyumbani, printa kimya vilevile. Fundi, kama unasoma hapa, unanidai salamu tu.

Ikabidi nijifundishe mwenyewe. Nikaazima mita kwa jamaa anayetengeneza redio, nikapima kebo aliyonitumia yule muuzaji. Pini 2 kwenda 2, pini 3 kwenda 3, imenyooka. Sasa kompyuta inatuma kwa pini 3, na printa yangu nayo inatuma kwa pini 3. Wawili wanaongea, hakuna anayesikiliza. Zipo printa zinazotaka kebo iliyonyooka, yangu inataka iliyopishana. Jamaa wa redio akakata kebo, akalehemu 2 kwa 3, 3 kwa 2, na 5 kwa 5 ya ardhi. Waya tatu tu. Akachukua 5,000 na kikombe cha chai.

Printa ikaamka! Ikatoa takataka: mabano, nyota, maswali. Nikaizima, nikaiwasha huku nimebonyeza kitufe cha kusogeza karatasi, ikachapa mipangilio yake yenyewe. Kumbe printa imewekwa kasi ya biti 19200 kwa sekunde, kompyuta inatuma kwa 9600. Kitufe kimoja, na hakuna aliyenieleza. Nikabadilisha upande wa kompyuta, lebo ya kwanza ikatoka safi, dada akapiga vigelegele saa tano usiku majirani wakafungua madirisha.

Ya kumi na kitu ikatoka nusu. Kompyuta inamwaga, printa imejaa na haina njia ya kusema subiri. Kwa waya tatu kinachobaki ni kuwasha XON/XOFF pande zote mbili, yaani printa inatuma alama ya "simama" na "endelea" kwenye waya uleule wa data. Hapo ikatulia.

Ila polepole, jamani. Lebo yangu ni sentimita 6 kwa 4, nukta 8 kila milimita, naituma kama picha kwa sababu ya nembo. Hiyo ni baiti 19,200, na kwa kasi ile zinapita kama 1,920 kwa sekunde. Sekunde kumi kila lebo. Vifuko 300 ni dakika hamsini nimekaa naitazama, na umeme ukikatika katikati sijui hata nimeishia ya ngapi. Kesho najaribu kuihifadhi nembo ndani ya printa ili nitume maandishi tu.

Jana nikamtumia muuzaji meseji ndefu, nikamweleza kila kitu, nikadai angalau hela ya vibadilishio. Akajibu: "Si umeona inafanya kazi bosi." Kisha akaniblok.

Tangazo lake bado lipo, dada ameliona kwa simu yake. Anazo nyingine tatu kama yangu. Picha zote amezipiga kwa mbele.