Maazimio ya Bunge kuhusu ripoti ya CAG: nani anayefuta majina na tarehe kabla hatujasikia "ndiyo"?

Wakuu, nina hasira na leo sitaki tuanze na nani kala. Kila Aprili tunagombana kuhusu nani kala, wiki mbili baadaye tumeshahamia kwenye mpira. Nataka tuangalie pale ambapo hakuna anayeangalia: kati ya siku ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inawekwa mezani Dodoma na siku Bunge linapitisha maazimio. Ripoti inaingia pale ina majina ya taasisi, kiasi cha fedha na namba za mikataba. Inatoka ikiwa ushauri kwa Serikali.

Kwa wasiofuatilia kwa karibu, mambo huenda hivi. Mwaka wa fedha unaisha 30 Juni. Wakaguzi wanaingia, na ifikapo mwisho wa Machi CAG anamkabidhi Rais ripoti. Ibara ya 143 ya Katiba inamtaka Rais aagize iwasilishwe bungeni ndani ya siku saba tangu kikao cha kwanza cha Bunge baada ya kuipokea. Asipofanya hivyo, CAG mwenyewe anaipeleka kwa Spika. Hapo Katiba imefanya kazi yake vizuri kabisa. Lakini siku ambazo Bunge linapewa kuijadili na kuimaliza, ibara hiyo haizitaji. Ripoti inakwenda kwenye kamati, PAC (Kamati ya Hesabu za Serikali) kwa hesabu za Serikali Kuu na LAAC (Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa) kwa halmashauri, na kamati zinakuja na taarifa zao Novemba, au hata baada ya mwaka mpya.

Chukueni ripoti ya 2021/22. Iliwekwa mezani Aprili 2023. Wabunge waliotaka ijadiliwe palepale waliambiwa wasubiri kamati zifanye kazi, na mjadala ukaja Novemba 2023. Maana yake fedha iliyolipwa kimakosa Julai 2021 inajadiliwa baada ya miaka miwili na miezi minne! Na katikati hapo, Juni 2023, Bunge hilohilo limeshapitisha bajeti mpya ya wizara zilezile, halmashauri zilezile, nyingine chini ya maafisa masuuli (watendaji wanaowajibika kwa fedha za taasisi) walewale. Unampa mtu fedha ya mwaka ujao kabla hujamaliza kumuuliza ya mwaka juzi. Nani kati yetu anaendesha hata kikoba namna hiyo?

Sipingi kamati kupewa muda. Hoja ya ukaguzi si hukumu, na kuna hoja nyingi ambazo zinafungwa kihalali: hati ya malipo iliyokosa viambatisho siku ya ukaguzi inapatikana, stakabadhi inaletwa, mkaguzi anahakiki, hoja inafungwa. Mtu lazima asikilizwe. Ninachopinga ni kinachotokea kwa zile zisizofungika.

Nimefanya kazi ya uhasibu kwenye halmashauri moja, siitaji. Mwaka mmoja tuliitwa mbele ya kamati. Mimi nilikaa safu ya nyuma na maboksi ya hati za malipo, mkurugenzi na mweka hazina wako mbele. Hoja iliyotutoa jasho ilikuwa ya makusanyo: wakusanya ushuru walikuwa na mashine za POS zinazoonyesha wamekusanya, benki haionyeshi wamepeleka. Mjumbe mmoja aliuliza maswali ya mtu anayejua kazi. Fedha mbichi, yaani iliyotumika kabla ya kupelekwa benki, ilitumika kwa kibali cha nani? Mkusanyaji mwenye deni kubwa kuliko wote alipewaje mashine ya pili? Mkurugenzi hakuwa na jibu. Mwenyekiti akatoa maelekezo kwa sauti, kila mtu chumbani akiandika: ndani ya siku 30 wahusika warejeshe, orodha yao iende TAKUKURU (chombo cha kupambana na rushwa), na kamati ipewe taarifa kwa maandishi. Nilitoka pale nikiamini kuna watu watalala ndani.

Taarifa ya kamati ilipofika bungeni niliisoma mstari kwa mstari. Suala letu lilikuwa limeunganishwa na ya halmashauri nyingine kwenye aya moja. Siku 30 hazimo. TAKUKURU haimo. Kilichobaki: Serikali ihakikishe halmashauri zinaimarisha mifumo ya udhibiti wa ndani wa mapato. Basi! Yule mkusanyaji wa mashine mbili alikuwa bado stendi anakata ushuru, na mkurugenzi alikuwa ameshahamishiwa halmashauri nyingine, kwa cheo kilekile.

Nani alizitoa zile siku 30? Hilo ndilo swali linaloninyima usingizi hadi leo, kwa sababu hakuna karatasi yoyote ya wazi itakayonijibu. Wageni tukishatolewa nje, kamati inakaa na sekretarieti yake kuandaa rasimu, na mabadiliko ya humo hatuyaoni.

Hatua ya pili ni ukumbini. Mwenyekiti wa kamati anasoma taarifa na kutoa hoja kwamba Bunge lipokee na kukubali maoni na mapendekezo ya kamati. Kuanzia hapo hoja inaweza kubadilishwa kwa kuondoa maneno, kuondoa na kuweka mengine, au kuongeza mapya. Ni utaratibu mzuri, na ungeweza kutumika kuongeza makali. Mbunge angesimama akasema hapa wekeni tarehe, hapa tajeni ofisi inayohusika. Lakini fuatilieni Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, muone mara nyingi upepo unavuma upande gani. Waziri anasimama, anaanza kwa kuipongeza kamati kwa kazi nzuri, kisha anaomba pendekezo "liboreshwe": palipoandikwa achukuliwe hatua pasomeke Serikali ifanye uchunguzi wa kina, na palipowekwa muda pasomeke kwa wakati. Sababu inayotolewa ni kwamba Bunge lisiingilie vyombo vya uchunguzi. Mwenyekiti wa kamati anakubali. Spika anahoji, kunajibiwa ndiyo kwa sauti moja, waliosema ndiyo wameshinda. Funika kombe mwanaharamu apite.

Uchunguzi wa kina baada ya ukaguzi wa CAG, jamani? CAG hakuota. Ofisi yake ndiyo iliyotumwa na Katiba kuchunguza hesabu hizo, imelipwa kwa kodi zetu, na afisa masuuli alipewa nafasi ya kujibu kabla ripoti haijafungwa. Kuagiza uchunguzi mwingine usio na tarehe ya kuisha ni kulizika jambo lenyewe.

Mtu akiniambia majina na tarehe kwenye azimio havina tofauti yoyote, namrudisha Novemba 2014. PAC chini ya Zitto Kabwe, makamu wake marehemu Deo Filikunjombe, ilileta taarifa ya Tegeta Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizochotwa kutoka akaunti iliyokuwa Benki Kuu. Kamati iliwataja kwa vyeo, na ilitaka hata Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, awajibike. Usiku wa tarehe 28 ukumbi ulichafuka hadi Spika Makinda akaahirisha kikao. Yakafanyika mazungumzo ya kusawazisha maneno, na kesho yake yakapita maazimio manane. Waziri Mkuu hakuwemo tena. Waliobaki ndani ya maazimio kilichowapata tunakijua: Jaji Werema alijiuzulu uanasheria mkuu Desemba, Profesa Tibaijuka akaondolewa uwaziri mwezi huohuo, Profesa Muhongo akaachia uwaziri wa nishati Januari 2015. Aliyetolewa kwenye maneno aliendelea na kazi hadi mwisho wa awamu. Simhukumu Pinda hapa. Nasema tu kwamba mstari mmoja ulipofutwa, kuwajibishwa kulifutika nao, na palipobaki jina hatua zilichukuliwa ndani ya miezi miwili.

Na kumbukeni, ile ya Escrow tuliiona. Watu walijaa kwenye vibanda vya chai wakiangalia TBC hadi usiku. Januari 2016 matangazo ya moja kwa moja yakasitishwa, na tangu hapo sijaona tena azimio la ukaguzi lenye meno ya namna ile.

Kuna lingine linaloniuma zaidi. Profesa Mussa Assad, CAG wa wakati huo, aliulizwa kwenye mahojiano ya redio ya Umoja wa Mataifa kwa nini ripoti zake hazifanyiwi kazi. Akajibu kwamba huo ni udhaifu wa Bunge. Januari 2019 aliitwa mbele ya Kamati ya Maadili ya Bunge akahojiwa, na Aprili 2019 Bunge likaazimia kwamba halitafanya kazi naye. Novemba mwaka huo akaondolewa, na Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kwake kulikiuka Katiba. Pimeni wenyewe. Azimio dhidi ya mkaguzi lilikuwa na jina kamili, halikusema "Serikali iangalie", halikusubiri Novemba. Kumbe Bunge linajua kuandika azimio linalouma!

Halafu tusidanganyane kuhusu nani anaongoza kamati hizi. Desturi ni PAC na LAAC kuongozwa na upinzani, ili anayeuliza asiwe yule anayeulizwa. Bunge la 12 lilifuata desturi hiyo kwa wenyeviti kutoka miongoni mwa wale wabunge 19 wa viti maalumu ambao chama chao, CHADEMA, kilishawavua uanachama. Wengine kati yao walifanya kazi kwa bidii, nakiri, nimesikiliza hoja zao. Lakini mwenyekiti asiye na chama nyuma yake, kwenye ukumbi ambao karibu wote ni wa chama kimoja, waziri akimwomba alegeze maneno atasimama na nani?

Wenzetu Kenya wameandika kwenye Katiba yao, ibara ya 229, kwamba ndani ya miezi mitatu baada ya kupokea ripoti ya ukaguzi Bunge liijadili na kuchukua hatua. Wanachelewa pia, tena sana, ila raia wao ana kifungu cha kushika akienda mahakamani. Sisi tunashika nini?

Ninachotaka si kikubwa. Bajeti ya Serikali inapigiwa kura kwa kuita jina la mbunge mmoja mmoja, na tunajua nani alisema nini. Basi na mabadiliko yoyote kwenye mapendekezo ya PAC na LAAC yapigiwe kura hivyohivyo, rasimu ya kamati ichapishwe kabla ya mjadala ili tuone kilichoondolewa, na kila azimio liwe na ofisi inayohusika na tarehe. Sheria ya Ukaguzi wa Umma tayari inawataka maafisa masuuli watoe majibu na mpango kazi, na majumuisho yake yaletwe bungeni. Yawekwe kwenye tovuti ya Bunge tuyasome, halmashauri kwa halmashauri.

Mlio kwenye halmashauri, fungueni taarifa ya LAAC ya mwaka wowote na mlinganishe na kile mlichoagizwa mkiwa ndani ya chumba cha kamati. Leteni hapa tofauti mtakazoziona, bila majina ya watumishi wadogo. Na mwenye mbunge anayepokea simu, amuulize swali moja: mara ya mwisho Bunge lilipopitisha maazimio ya ripoti ya CAG, yeye aliafiki kuondolewa kwa maneno gani?