Kabla sijaiponda filamu: kosa ni lake au la TV?

Kiti_cha_Nyuma:
Wakuu, heshima kwenu. Naomba maoni ya wanaojua kabla sijatoa hukumu.

Tenet (2020): muziki unatikisa madirisha, maneno hayasikiki. Game of Thrones, msimu wa mwisho, sehemu ya tatu, ile ya vita vya usiku: dakika 82 za giza. Nairobi Half Life ni kali sana, ila maandishi ya tafsiri yalianza sawa, kufika mwishoni yanatangulia mno. Na zote tatu picha inateleza kama tamthilia za mchana.

TV ni LG, spika zake zenyewe, kompyuta imechomekwa kwa HDMI, naangalia kwa programu ya VLC. Lawama niipeleke wapi?

FundiWaya:
Mkuu, huo utelezi si wa filamu. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde. TV inabuni picha za uongo za kujaza katikati, ndiyo maana sinema ya mamilioni inaonekana kama imerekodiwa sebuleni. Kwenye LG kitu hicho kinaitwa TruMotion, Sony ni Motionflow, Samsung ni Auto Motion Plus. Zima. Mwaka 2018 Tom Cruise alitoa video kabisa ya kuwaomba watu wazime, na mwaka uliofuata ikatangazwa Filmmaker Mode, modi inayozima hayo yote kwa mpigo. Kama TV yako inayo, iweke hiyo. Kama haina, weka Cinema. Vivid waachie wenye maduka, ile ni ya kuvutia wateja chini ya taa kali.

Giza sasa. Sehemu ile ni ya giza kweli, mpiga picha wake Fabian Wagner aliitetea hadharani na kusema watu wengi hawajui kupanga TV zao. Nakubaliana naye nusu. Pale mwanzoni mapanga ya Wadothraki yanawashwa moto, wapanda farasi wanaondoka, halafu kwa mbali unaona moto unazimika mmoja mmoja. Hapo giza ndilo linalosimulia, na hata TV ya kawaida inaonyesha. Lakini majoka yakishaingia kwenye tufani ya theluji, hujui nani anamuuma nani. Hilo ni la kwao, usijilaumu.

La kwako ni haya mawili. Kwanza, zima Energy Saving, inapunguza mwanga wa nyuma ya kioo. Pili, na hapa ndipo wengi wenye kompyuta wanapokwama: angalia kiwango cha weusi cha HDMI. Mwanga huhesabiwa kwa namba, kutoka weusi hadi weupe: kompyuta inaweza kuwa inatoa 0 hadi 255 huku TV inategemea 16 hadi 235. Matokeo yake kila kitu kilicho chini ya 16 kinakuwa weusi mtupu: mikunjo ya nguo, nywele, ukuta wa nyuma, vyote vimemezwa. Nenda Black Level kwenye TV, au seti za kadi ya picha kwenye kompyuta, uhakikishe pande zote mbili zimekubaliana. Zikikosana kinyume chake, weusi unakuwa kijivu kama moshi. Usijaribu kutibu kwa kuongeza Brightness, utapausha picha nzima na vilivyomezwa havirudi.

Pwani254:
FundiWaya yuko sawa, ila kuzima TruMotion kabisa kuna gharama yake. Skrini inaonyesha picha 60 kwa sekunde, na 60 haigawanyiki kwa 24, kwa hiyo picha moja inakaa mara tatu, inayofuata mara mbili. Kamera ikizunguka polepole utaona inakwaruzakwaruza. Ikikukera, ndani ya TruMotion chagua User, De-Judder (kiwango cha kulainisha mwendo) weka 2 au 3, usipite hapo.

Sauti: kwenye 5.1, yaani sauti ya spika tano na moja ya besi, maneno karibu yote yako spika ya katikati. Wewe huna spika ya katikati, kwa hiyo yanachanganywa na milipuko kwenye spika mbili ndogo zinazotazama chini. Ukiwa na chaguo la sauti ya stirio, lichukue, usiache TV ichanganye yenyewe.

Kwenye VLC bonyeza Ctrl+E, ingia Audio Effects, kisha Compressor, washa. Anzia hapa: Threshold -20 dB, Ratio 4, Attack 25 ms, Release 300 ms, Makeup gain 8 dB. Milipuko inashuka, minong'ono inapanda. Ukisikia sauti inapumua, yaani kelele za nyuma zinapanda na kushuka kila mtu akinyamaza, punguza Ratio iwe 3. Kisha kwenye Equalizer ongeza 3 dB kati ya 1 na 4 kHz, ndiko zinakokaa konsonanti. Besi punguza. Watu huongeza sauti yote, wanapata besi zaidi na maneno yale yale.

Msomaji_wa_Chini:
Niseme la maandishi, wenzangu wameliruka. Jaribu hivi: angalia mstari wa kwanza na wa mwisho. Vyote vikikosea kwa kiasi kile kile, bonyeza G au H kwenye VLC, kila mbonyezo ni milisekunde 50. G inayawahisha, H inayachelewesha. Lakini wewe umesema yanaanza sawa kisha yanakimbia. Hapo G na H hazitasaidia, utarekebisha katikati uharibu mwanzo. Faili la maandishi limetengenezwa kwa picha 25 kwa sekunde na video yako ni 23.976. Kwa filamu ya dakika 100 tofauti hiyo inafika dakika nne hivi mwishoni.

Fungua faili kwa programu ya Subtitle Edit, menyu ya Synchronization, Change frame rate, kutoka 25 kwenda 23.976, hifadhi. Kazi ya dakika moja.

Kiti_cha_Nyuma:
Shukrani wakuu. Black Level ndiyo ilikuwa imekosana, na maandishi yametulia. Compressor imesaidia, lakini Tenet, ile sehemu ya mashua za mashindano, bado sidaki kitu.

Pwani254:
Hiyo haina dawa. Nolan, mwongozaji wake, hapendi kurudia maneno studio, anataka yale aliyoyasema mwigizaji siku ya kupiga picha, hata kama upepo na injini vinapiga kelele. Kwangu ni kiburi, maana anayoongea Sator, yule adui mkuu, pale yana uzito kwenye hadithi. Washa maandishi kwa filamu hiyo tu, halafu mlaumu yeye kwa raha zako.