Majirani San Diego (RASMI 2)

Bi Rukia, 08:02
Hamjambo nyote. Jumamosi ni sikukuu ya Chicano Park, ile bustani ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko chini ya daraja la Coronado, wacheza ngoma wa Kiazteki watakuwepo. Nataka majina kabla ya adhuhuri. Tunapanda treni, tunashuka Barrio Logan. Magari yaacheni, siku hiyo hakuna pa kuegesha.

Bi Rukia, 09:30
Naona tiki za buluu tu. Vidole vinauma?

Juma Fundi, 09:34
Taco zitakuwepo? 😂

Bi Rukia, 09:35
Juma nimekuandika. Mchango dola 10, tupike pilau.

Mama Neema, 09:41
Pilau tena? Sufuria yangu ya siku ile ya Balboa Park iko wapi?

Bi Rukia, 09:41
Mama Neema, tusianze.

Mama Neema, 09:42
Mimi sijaanza. Aliyeanza anajijua.

Kibibi, 09:50
Wanangu wanaogopa kukaa chini ya daraja lile la Coronado. 2016 gari liliruka ukingo likaangukia watu, wanne wakafa. Tutakaa upande gani?

Salim, 09:51
Sufuria ilikuwa ya kilo ngapi?

Juma Fundi, 09:51
😂😂😂

Bi Rukia, 10:05
Jingine. Nguzo za daraja zimejaa michoro, zaidi ya 80. Tuwaombe wenyeji moja nasi tuchore jahazi letu.

Salim, 10:06
Na sufuria.

Mzee Shee, 10:48
Rukia mwanangu, nguzo zile haziombwi. Wale wa Barrio Logan walipasuliwa mtaa ipite barabara kuu, kisha likaja daraja. Wakaahidiwa bustani. Aprili 1970 wakakuta matingatinga, kumbe pajengwa kituo cha polisi wa barabarani. Wakashikana mikono, wazee na wanafunzi, wakaikalia ardhi siku 12 wakipanda maua. Rangi ilianza 1973. Sisi tulikuwapo? Nendeni mkatazame, mnunue kwao mle. Brashi ziacheni nyumbani.

Bi Rukia, 11:57
Sawa baba.

Mama Neema, 14:20
Shikamoo Mzee.

Bi Rukia, 18:15
Jahazi basi. Pilau tutaona. Majina bado! Nina Juma peke yake. Kibibi?

Omari, 22:51
Samahanini, nilikuwa kazini. Jumamosi ipi?

Bi Rukia, 22:52
Soma juu Omari.

Omari, 22:58
Nimesoma. Sufuria anayo nani?

Mama Neema, 22:58
Muulize vizuri.

Bi Rukia, 23:03
Saa nne asubuhi, stesheni ya 12th & Imperial. Atakayechelewa atatukuta huko huko.

Kibibi, 23:40
Nitakwambia kesho.