Katheta ya mkononi inapokea maji ila hairudishi damu

MuuguziMpya
Shikamooni wakubwa. Nina mgonjwa wa saratani mwenye katheta ndefu ya mkononi, yaani mpira mwembamba wa kupitishia dawa, ile ambayo ncha yake hufika kwenye mshipa mkubwa juu ya moyo. Ina wiki 6 sasa. Tangu jana maji ya chumvi yanaingia bila shida, lakini nikivuta damu sipati hata tone. Mwenzangu wa zamu ananiambia nichukue bomba la sindano la ml 2 nisukume kwa nguvu, itazibuka. Kesho mgonjwa anaanza kemo (dawa za saratani) nyingine. Mkono unasita.

MamaZamu
Marahaba mdogo wangu. Usisukume! Bomba dogo ndilo lenye presha kubwa, ingawa ukilitazama unaliona la upole. Mwaka wangu wa pili kazini nilifanya hivyo hivyo. Nilihisi kitu kinalegea chini ya dole gumba, nikafurahi kwamba imezibuka. Kumbe imepasuka, maji yakaanza kujaa chini ya plasta. Ikabidi ing'olewe, mgonjwa achomwe upya, na yeye ndiye aliyenibembeleza mimi. Tangu siku hiyo kwenye katheta hizi natumia bomba la ml 10 tu.

Kwanza angalia kama klempu (kibanio cha katheta) iko wazi na mpira haujajikunja. Mwambie ageuze shingo, ainue mkono, akohoe, kisha vuta polepole. Huenda ncha imelalia ukuta wa mshipa. Isipotoa, huenda kuna utando wa damu iliyoganda kwenye ncha: ukisukuma unafunguka, ukivuta unajifunga. Ipo dawa yake ya kuyeyusha damu iliyoganda, alteplezi, huachwa ndani ya katheta kwa maagizo ya daktari. Tazama pia kama mkono au shingo imevimba.

Na pima urefu wa sehemu iliyo nje, ulinganishe na ulioandikwa siku ilipowekwa. Hilo wengi tunalisahau. Ikiwa imetoka, usiirudishe ndani. Kemo isiguswe mpaka ijulikane ncha iko wapi.

Salaini10
Naunga mkono. Mimi husukuma kidogo, natua, nasukuma tena, na klempu naifunga dole gumba likiwa bado linasukuma, damu isirudi kuganda ncheni. Kofia ya mdomo wa katheta nayo isuguliwe kwa spiriti sekunde 15 na iachwe ikauke. Plasta inayoonyesha ngozi hubadilishwa kila siku 7, ya shashi kila siku 2, ila ikilowa au kubanduka hapo hapo unabadilisha.

MuuguziMpya
Asanteni sana. Nimepima. Siku ya kwanza waliandika sentimita 2 nje, leo ni 5. Plasta ilikuwa imebanduka ukingo wa chini, na mgonjwa anasema imekuwa ikinasa kwenye mkono wa shati anapovaa, hakutaka kutusumbua. Nimembadilishia na kuifunga vizuri. Daktari ameagiza picha ya kifua, kemo imesimamishwa.

MamaZamu
Andika hizo sentimita 5 kwenye faili sasa hivi, na saa uliyopima.