Acheni kufundisha watu kuficha "blank" kwenye pivoti, mnapoteza fedha kwenye ripoti

Wakuu, hili jambo limevuka mpaka. Mtu akiuliza kwa nini pivoti yake ya Excel (jedwali la muhtasari linalojumlisha data) ina mstari ulioandikwa "blank", jibu la kwanza ni lile lile: bonyeza kimshale cha kuchuja, toa tiki kwenye "blank", kazi imeisha. Haijaisha! Umetoa mstari pamoja na fedha zilizomo, na jumla kuu imeshuka bila onyo lolote.

Chukueni shiti ya makusanyo ya SACCOS yenye tarehe, namba ya mwanachama, tawi na kiasi. Kuna mistari karani hakujaza tawi, ila kiasi kipo, jumla 450,000. Pivoti inasoma 3,200,000. Toa tiki, inabaki 2,750,000, kwa sababu jumla kuu ya pivoti hujumlisha kile kilichoachwa kionekane tu. Anayepokea ripoti atajuaje kwamba laki nne na nusu zimeachwa nje?

Wengine wanafundisha kubonyeza juu ya neno "blank" na kuandika nafasi tupu, au kulipaka rangi nyeupe. Hapo fedha zipo ila hazina jina, na atakayerithi faili hatajua kamwe kwamba kuna data pungufu chini yake.

Kitu cha kwanza kufanya ni kubonyeza mara mbili namba iliyo mbele ya "blank". Excel inafungua shiti mpya yenye mistari yote iliyozaa namba hiyo. Sekunde mbili tu, na unamjua mkosaji. Kama mbele yake hakuna namba yoyote, mara nyingi kosa ni eneo la data: umechagua safu nzima kuanzia A hadi F, na shiti ya Excel ina mistari 1,048,576, karibu yote mitupu. Bonyeza seli yoyote ndani ya data, bonyeza Ctrl+T, lipe jedwali jina kama Makusanyo, kisha kwenye pivoti nenda "Change Data Source" uandike jina hilo. Jedwali litakua lenyewe data ikiongezeka, ila pivoti bado utaihuisha kwa Alt+F5.

Sasa utupu wenyewe. Si wa aina moja, na hapa ndipo walimu wa njia za mkato wanapoharibu zaidi.

Kuna utupu wa urembo. Jina la tawi limeandikwa mara moja juu, seli za chini zimeachwa wazi au zimeunganishwa ili shiti ipendeze ikichapishwa. Seli zilizounganishwa zinabeba thamani kwenye seli ya kwanza tu, zilizobaki ni tupu kwa pivoti. Tenganisha, chagua safu ya tawi hadi mwisho wa data, bonyeza F5, "Special", "Blanks", OK. Usiguse kitu kingine: andika alama ya =, bonyeza mshale wa juu, kisha Ctrl+Enter. Kila seli tupu inachukua jina la juu yake. Halafu nakili safu yote na ubandike thamani pekee bila fomula. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa kila siku, na mtu akija kupanga data upya, fomula zinaelekea seli nyingine na matawi yanavurugika. Ukiona =C4 imebaki kama maandishi, safu imewekwa muundo wa "Text". Ibadilishe iwe "General" kisha urudie.

Utupu wa pili ni taarifa isiyojulikana, na huu haujazwi kwa njia hiyo hata siku moja. Ukifanya hivyo, malipo yasiyo na tawi yanahesabiwa kwa tawi lililotokea kuwa juu yake. Andika HAIJAJAZWA kwenye data yenyewe. Litokee kwenye ripoti, limuume anayehusika, alitafutie jibu.

Wa tatu uko kwenye kiasi. Seli tupu ina maana mwanachama hajalipa, au kalipa ila haijaandikwa, au alikuwa hajajiunga? Wanachama wanne, watatu 20,000 kila mmoja, wa nne tupu: wastani wa pivoti ni 20,000. Weka 0 kwenye ile tupu, wastani unakuwa 15,000. Hayo ni majibu mawili ya maswali mawili tofauti, na mwenye kuamua ni anayejua michango, si fundi wa shiti. Na ule mpangilio wa "For empty cells show" mnaoupigia debe unaweka 0 kwenye sura ya pivoti tu, pale ambapo makutano hayana namba. Haugusi data wala wastani.

Sasa balaa kubwa: seli zinazoonekana tupu na si tupu. Fomula kama =IF(D2="","",D2*E2) inarudisha maandishi yenye urefu sifuri, na hayo ni maandishi. Ndiyo maana unaburuta Kiasi kwenye eneo la thamani ("Values") na badala ya jumla ya shilingi unapata "Count", yaani idadi ya seli. Matoleo ya zamani yalifanya hivyo hata kwa seli tupu halisi. Microsoft 365 ya sasa inavumilia tupu halisi, maandishi haivumilii. Ushauri wa mitaani ni kubadili "Count" kuwa "Sum", yaani jumla. Umejiuliza kwa nini ilikuwa "Count"? Huenda kuna mtu kaandika 20,000/= na alama yake. Hayo ni maandishi, na "Sum" itayahesabu kama sifuri, kimya kimya.

Pimeni safu husika, hapa D2 hadi D301. =SUMPRODUCT(--(LEN(TRIM(D2:D301))=0)) inahesabu zote zinazoonekana tupu. =SUMPRODUCT(--ISBLANK(D2:D301)) inahesabu tupu halisi. Tofauti ni tupu bandia. Kuzisafisha, geuza fomula kuwa thamani, chagua safu hiyo moja, nenda "Data", "Text to Columns", bonyeza "Finish" papo hapo. Usithubutu kufanya hivyo kwenye safu ya simu: 0712 inageuka 712. Data iliyonakiliwa kutoka kwenye tovuti inaweza kuwa na CHAR(160), nafasi maalumu isiyoonekana ambayo TRIM (fomula ya kuondoa nafasi za ziada) haiiondoi, kwa hiyo ibadilishe kwanza kwa SUBSTITUTE.

Kwenye Power Query, zana ya Excel ya kusafisha data, "Fill Down" (kujaza kwenda chini) inajaza null tu, yaani tupu halisi. Seli zenye maandishi ya urefu sifuri zinarukwa, kwa hiyo anza na "Replace Values" kuzigeuza null. Kwenye pivoti za LibreOffice Calc, programu ya bure ya shiti, kuna "Ignore empty rows", na "Identify categories" inayojaza utupu wa urembo bila kugusa data. Kwenye Google Sheets, ikibidi kuondoa mistari mitupu isiyo na fedha, chujeni kwa sharti la "Is not empty", msichague majina kwa tiki, maana tawi jipya likiongezwa baadaye halitaingia kwenye ripoti.

Na mnaotuma ripoti kwa viongozi, wekeni fomula hii pembeni ya pivoti, H3 ikiwa seli ya kwanza ya pivoti; inatoa jumla ya pivoti kwenye jumla ya data yenyewe:

=SUM(Makusanyo[Kiasi])-GETPIVOTDATA("Kiasi",$H$3)

Isiposoma 0, msitume. Fungueni vichujio vyote, rudini kwenye "blank", bonyezeni mara mbili, mjue ni mistari gani. Ikisoma 0 msilale bado, kwani ile 20,000/= inarukwa na SUM pia. Linganisheni =COUNTA(Makusanyo[Kiasi]), inayohesabu seli zote zenye kitu, na =COUNT(Makusanyo[Kiasi]), inayohesabu namba tu. Zikitofautiana, kuna maandishi ndani ya fedha.