Kumpeleka mama Samarkand na Bukhara: tuanzie wapi?

Mwana wa Mkomani, Lamu

Assalamu alaykum. Mwezi wa Oktoba, Mungu akipenda, nakusudia kumpeleka mama yangu Uzbekistan, kwani tangu nilipokuwa mtoto amekuwa akitamani kulizuru kaburi la Imam Bukhari. Ana umri wa miaka 68, magoti yanamsumbua, na magari hayajui, maana maisha yake ameyapitisha katika vichochoro vya mji huu. Nimepanga tukae Bukhara siku tano na Samarkand siku moja tu ya kupita. Naomba aliyekwisha kufika anisahihishe kabla sijalipa chochote.

Msafiri wa Malindi

Wa alaykumu salaam. Ndugu yangu, ugeuze mpango huo juu chini. Imam alizaliwa Bukhara mwaka 810, na nisba yake imetokana na mji huo, lakini alifariki mwaka 870 katika kijiji cha Khartang, na kaburi lake liko huko, yapata kilomita 25 kutoka Samarkand. Kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe. Nilipomwuliza njia ya kwenda kaburini mzee mmoja wa Bukhara, muuzaji wa ile mikasi yao yenye umbo la korongo, alicheka mpaka akaweka chini bakuli lake la chai.

Kaeni Samarkand siku nne. Ziko ndege za kutoka Istanbul zinazotua hapo hapo, na hivyo mama ataepuka safari ya kutoka Tashkent, mji mkuu wao. Mji huo uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, mwaka ule ule wa Lamu, ila wao wana barabara pana, kwa hiyo umshike mkono kila mnapovuka. Uwanja wa Registan, wenye madrasa tatu, ni tambarare. Taabu iko Shah-i-Zinda, panapoaminika kuwa amezikwa Qutham bin Abbas, binamu yake Mtume, kwa sababu mtu huingia kwa kupanda ngazi ndefu. Nendeni asubuhi, apumzike katikati, wala asione haya kuketi.

Kwenda Bukhara pandeni Afrosiyob, treni yao ya kasi. Tiketi zake msimu huo huisha mapema sana, na jina liandikwe kama lilivyo katika pasipoti. Stesheni iko Kagan, nje ya mji, kwa hiyo mtahitaji teksi. Huko siku mbili zinatosha: muone mnara wa Kalon uliojengwa mwaka 1127, kisha mama aketi kando ya birika la Lyab-i Hauz chini ya miforosadi. Vichochoro vya hapo atavipenda.

Bint Langoni

Kaka, mimi nilikwenda na mama yangu mwezi kama huo. Mchana ulikuwa mwanana, lakini usiku uliingia baridi ambayo sisi wa pwani hatuijui, basi mchukulie sweta na soksi nzito. Dawa za magoti ziwe katika pakiti zake pamoja na cheti cha daktari, na uulize ubalozini mapema, kwani baadhi ya dawa za maumivu, hasa zenye kodeini, zina masharti makali kule. Beba dola safi zisizochanika. Dola moja hutoa zaidi ya som 10,000, usishtuke kwa wingi wa noti.

Chakula hakitamtisha. Pilau yao huitwa palov, na jira yetu wao huiita zira. Mama yangu alifunua sahani, akanusa, akasema, “Hii ni ya nyumbani, wamesahau pilipili.” Ina karoti nyingi na mafuta ya kondoo, nayo huliwa mchana, mkifika baada ya saa nane, sufuria huwa tupu. Chai ni ya kijani, bila maziwa, na hilo ndilo lililomuudhi. Mchukulie majani na iliki.

Mwana wa Mkomani, Lamu

Nawashukuru nyote. Nimebadilisha: Samarkand siku nne, Bukhara mbili. Nimemsomea mama majibu haya, naye anauliza jambo moja tu, iwapo achari ya embe inaruhusiwa ndegeni.

Bint Langoni

Iwe katika sanduku la kupakiwa, si mkobani, na kifuniko ukizungushie utepe wa gundi mara mbili. Yetu ilimwagikia buibui.