Binti kafanya PSAT, sasa barua za vyuo zinajaa nyumbani. Ndo amechaguliwa?

MamaZu_Columbus
Habari zenu jamani, naombeni msaada maana hapa nyumbani tumeanza kukosana. Binti yangu yuko darasa la 11 huku Marekani, Oktoba alifanya PSAT shuleni, ule mtihani wa majaribio kabla ya SAT, akapata 1210, na tangu Januari barua hazikatiki, nikitoka shift ya usiku nakuta bahasha nne tano kwenye boksi, nimezipanga kwenye droo ya jikoni mpaka haifungi. Juzi imekuja moja nene, karatasi nzuri, jina lake limeandikwa juu kwa wino wa bluu kama mtu kaandika kwa mkono, wanasema wamevutiwa naye, wamempa na namba yake mwenyewe ya kuombea bila ada ila ajibu ndani ya wiki mbili. Baba yake usiku uleule kapiga simu Tabora mtoto kapata chuo, bibi yake kashasoma na dua. Mtoto analia, anasema hajapata kitu na tunamtia aibu. Mimi nimezoea mambo ya Tanzania, jina likitoka kwenye orodha umechaguliwa, basi. Huku ikoje? Na hizo wiki mbili zikipita ndo kapoteza nafasi?

BabaNjeri_MN
Pole dada. Mtoto yuko sawa, hiyo si admission, hiyo ni tangazo. Mtoto akifungua akaunti ya College Board, wale wenye hiyo mitihani, anaulizwa kama anataka vyuo vimtumie habari, akikubali basi jina lake linaingia kwa listi yao na vyuo vinalipa kupata hayo majina, wanachagua kwa kiwango cha marks, mahali anaishi, kozi anapenda. Huo wino wa bluu ni mashine, nenda kwa jirani mwenye mtoto wa darasa la 11 utaona yake inafanana. Na PSAT yenyewe vyuo havitumii kuchukua mwanafunzi, wanaangalia SAT ama ACT, ile mitihani yenyewe ya kuombea chuo, na wengine hawataki mtihani kabisa, University of California hata ukiwatumia hawaangalii. Wiki mbili usijali. Yeye ataapply akiingia darasa la 12, na chuo kinachomtaka kweli hakimfungii mlango mwezi wa pili akiwa darasa la 11.

Kitu inaniuma ni kwamba kuna vyuo vinatuma barua kwa watoto vikijua wengi wao havitawachukua. Waombaji wakiwa wengi na wanaochukuliwa wachache, chuo kinaonekana kigumu kuingia. Mtoto wa mtu anabaki amevunjika moyo.

PapaEspoir
Mama, jambo. Ile ya vyuo haina mubaya sana, ile inafaa kuogopa ni barua zenye kuomba franga. Kwetu hapa Louisville ilikuja moja, ati kijana amechaguliwa kwenda mkutano wa viongozi wa kesho, na muhuri wa dhahabu juu. Nililipa. Franga ya miezi mingi ya kazi ya warehouse. Nilipouliza mwalimu wake akaniambia mkutano ule hausaidii kitu kwa kuingia chuo. Sasa miye nasomaka barua kutoka chini, natafuta kwanza alama ya dola. Na FAFSA, ile fomu ya serikali ya kuomba musaada wa franga ya chuo, ni bure, mtu akikuambia ulipe ndiyo akujazie, umukatae.

neema_12
Shikamoo mama. Mimi niko darasa la 12, naomba niseme upande wetu sisi watoto. Barua zikija mzazi akafungua wa kwanza inauma, maana mtoto anajua ni tangazo halafu anaona furaha yenu na hajui aizime vipi. Mwachie afungue mwenyewe.

1210 sio mbaya kabisa mama, ana muda wa kupanda. SAT sasa hivi inafanyika kwenye kompyuta, masaa mawili na dakika 14, kikokotoo kimo humohumo kwenye programu, mazoezi ya Khan Academy ni bure. Kama anakula chakula cha shule kwa msamaha basi akamwambie kaunsela, yule mshauri wa wanafunzi shuleni, anataka fee waiver, yaani msamaha wa ada, atafanya SAT mara mbili bila kulipa na matokeo atatuma vyuoni bure, na vyuo vingi havitamtoza ada ya kuomba. Kwa hiyo ile "bila ada" ya kwenye barua isiwababaishe. Zile barua mbili tatu atakazozipenda, aingie tovuti ya chuo atafute net price calculator, wanatakiwa kisheria kuwa nayo, mnajaza kipato chenu inawakadiria mtalipa kiasi gani kwa mwaka. Mimi chuo kilichonitumia barua nzuri kuliko vyote ndicho kilitoka ghali kuliko vyote.

MamaZu_Columbus
Marahaba mwanangu, Mungu akubariki, na nyie baba zangu asanteni sana. Leo nimemkabidhi droo yote, kakaa chini jikoni anachambua, kabakisha tatu, ile nene kaiweka kwenye za kutupa. Baba yake kasema Tabora atapiga mwenyewe aeleze. Limebaki moja, huyo kaunsela mimi naweza kuonana naye? Kiingereza changu cha kazini tu, mambo ya shule nababaika.

BabaNjeri_MN
Unaweza kabisa. Mwambie mtoto amtumie kaunsela imeili leo aombe siku, na aandike mama anahitaji mkalimani wa Kiswahili. Shule ndiyo inalipa, si wewe. Usikubali mtoto awe ndiye anakutafsiria.